Kikombe cha Tatu

Mizani namba kumi na saba ililetwa karakanani siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, imefungwa kwa blanketi la hospitali na kamba ya katani. Askari wa lango la Handaki aliyeibeba aliiweka mezani polepole, akamtaka fundi atie sahihi mahali patatu, kisha akabaki amesimama pale pale, hajui aondoke au akae.

"Ndiyo yenyewe?" Leokadia aliuliza, ingawa namba ilikuwa imepigwa chapa ubavuni, kubwa ya kusomeka tangu mlangoni.

"Ndiyo hiyo, mama. Ya Imelda."

Siku hizo Uvinza nzima iliiita hivyo, mizani ya Imelda, na huyo Imelda mwenyewe hakuwahi kumiliki hata msumari wake mmoja. Siku kumi na mbili zilizopita, Imelda Rusimbi, dereva wa treni ya kifusi katika Handaki la kupeleka maji Tabora, alibandika viganja vyake juu ya sahani mbili za shaba za mizani hii ya kupima uchovu. Ikasoma arobaini na nne. Mlango wa chuma ukafunguka, akashuka kazini. Saa tano baadaye alisinzia mkono ukiwa juu ya breki, treni ikampitia na kumwua Fidelis, mtandika reli, ambaye alikuwa amempa mgongo.

Sheria ya Handaki hata watoto wa chekechea wanaiimba. Ukivuka sitini, hushuki. Unapewa kitanda, unalala, na siku yako inahesabiwa kama ya mwenzako aliyefanya kazi. Ukiwa chini ya sitini, huna udhuru. Na arobaini na nne ni namba ya mtu aliyetoka likizo kwa mama yake, ameshiba na amelala. Kwa hiyo Imelda hakuwa amechoka. Kama hakuwa amechoka, basi alizembea, na uzembe unaoua mtu chini ya ardhi adhabu yake ni kifungo cha miaka saba. Baraza la Uchunguzi lilikuwa likae Alhamisi, na kilichosubiriwa ni karatasi moja tu: cheti cha fundi kwamba mizani ni nzima.

Fundi alikuwa Leokadia. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita, na kumi na moja kati ya hiyo ameimaliza kwenye stuli hii moja, akizipima mizani arobaini za Handaki zinazopima watu. Magoti yake yalikuwa yakimwambia kwamba amechoka. Lakini kila Jumatatu naye alipimwa kama wengine, na kila Jumatatu mizani ilimwambia hamsini na moja, hamsini na mbili, endelea na kazi. Akaishia kuiamini mizani kuliko magoti.

"Nenda tu, baba," alimwambia askari. "Nikimaliza nitaleta mwenyewe."

Mizani ya uchovu ukiifungua haina maajabu. Ni sanduku la ukubwa wa mkate, sahani mbili, waya nne, na moyo mdogo ndani unaoitwa chanzo cha volti. Mtu akiweka viganja, chanzo kinamsukumia umeme mdogo mno, milivolti mia tano, ambao hata mtoto mchanga hausikii. Umeme huo unapita mkono wa kushoto, unazunguka mwilini, unarudi kwa mkono wa kulia, na sanduku linapima ni kiasi gani kimerudi. Mwili uliopumzika unaupitisha kwa urahisi. Mwili mchovu unaubana, unauchelewesha njiani. Hesabu iliyobaki inafanywa na sanduku lenyewe. Lakini sanduku halijui lolote kuhusu chanzo chake. Linaamini tu kwamba kinatoa mia tano kamili, na kama kinatoa zaidi, umeme mwingi utarudi, na sanduku litasema mtu huyu ni mzima kama kigongo.

Ndiyo maana kazi ya kwanza kwa fundi ni kukiweka chanzo sawa. Leokadia aliifanya kama alivyoifanya mara mia nane nyingine. Alifuta sahani kwa spiriti. Aliunganisha waya mwekundu na mweusi kwenye kipimo-mama, ile voltimita kubwa ya karakana ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ila yeye na msaidizi wake. Akageuza swichi ya masafa hadi kwenye volti moja. Akawasha. Kisha akamwita Gaspari alete chai.

Chai ilikuwa sehemu ya kazi. Chanzo kikiwa baridi hakitulii, kinapanda na kushuka kama mtu mwenye homa, na fundi lazima asubiri kipate joto kabla ya kugusa parafujo ya kukirekebishia. Kisubiriwe muda gani? Katika karakana ya Uvinza jibu lilikuwa moja tangu siku ya kwanza: vikombe vitatu. Hata fomu ilikuwa na mahali pake. Chini ya "Namba ya mizani" na "Jina la fundi" palikuwa na "Vikombe", na Leokadia alikuwa ameandika tatu katika kila fomu, maisha yake yote ya kazi hapo.

Gaspari alikuja na chupa ya chai na vile vikombe vya plastiki vinavyotoka stoo kwa mamia. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mpole, mwenye watoto watano na mazoea ya kupiga miayo kabla ya kusema jambo.

"Huyu dada wa watu," alisema, "ukisaini hii, ndiyo basi tena."

"Nisaini nini, Gaspari? Mimi nasaini mizani. Mambo ya Imelda yana wenyewe."

"Haya."

Wakanywa. Cha kwanza, cha pili, cha tatu. Leokadia akainamia kipimo-mama. Mshale ulikuwa umesimama juu ya mia tano, haujatikisika wala haujapinda. Hata parafujo haikuhitaji kuguswa. Mizani ilikuwa sawa kabisa, na mahali fulani ndani alikuwa ameomba isiwe sawa.

"Leta lakiri tufunge," alisema.

"Lakiri imekwisha tangu jana. Niende stoo kuu?"

"Nenda."

Aliketi kumsubiri. Hakuzima mizani kwa sababu mkono wake ulikuwa mbali na swichi na hakuona haja ya kuusogeza. Aliegemeza kichwa ukutani kwa dakika moja.

Alipofumbua macho jua lilikuwa limehama dirisha. Gaspari alikuwa ameketi mkabala naye, kipande cha lakiri mkononi.

"Saa ngapi?"

"Saba kasoro. Ulikuwa unakoroma, dada. Nikaona nikuache."

Alijifuta mdomo kwa aibu, akasimama na kwenda kufunga kazi. Hapo ndipo alipouona mshale. Ulikuwa juu ya mia tano thelathini na moja.

"Nani amegusa parafujo?"

"Hakuna aliyegusa kitu."

"Gaspari."

"Haki ya Mungu, dada. Nimekaa hapa na hii lakiri yangu. Hata kukohoa sikukohoa."

* * *

Waliizima, wakaifungulia feni, wakaingoja ipoe. Kisha Leokadia akatoa saa ya mkononi, akaiweka juu ya meza mahali pa vikombe, na wakaanza upya. Kila baada ya dakika kumi aliandika. Dakika ya ishirini: mia tano. Ya thelathini: mia tano na tisa. Ya hamsini: mia tano ishirini na mbili. Ya tisini: mia tano thelathini na moja, na hapo mshale ukatulia. Walikaa nao saa moja nyingine na haukusogea tena.

Wakachukua namba nane, iliyokuwa imeletwa kwa ukaguzi wa kawaida. Ikafanya vile vile. Namba thelathini na mbili, vile vile.

Kwa hiyo huko langoni, ambako mizani huwashwa alfajiri na kukaa moto siku nzima, hakuna hata moja iliyokuwa ikitoa mia tano. Zilikuwa zikitoa zaidi, na kila mmoja aliyeweka viganja alihesabiwa mzima kuliko alivyo. Na kila baada ya miezi sita zilirudi karakanani zikiwa baridi, zikawashwa, zikanywewa vikombe vitatu vya chai, zikakutwa sawa, zikapigwa lakiri.

"Lakini tumefuata utaratibu," Gaspari alisema. "Vikombe vitatu."

Leokadia hakumjibu. Alikuwa akikitazama kikombe cha plastiki. Ukipiga mafunda mawili kimekwisha.

Aliyemfundisha kazi alikuwa mzee Venansi Kagoma, Mungu amrehemu, mtu aliyeichukia saa ya ukutani na kusema inamsimanga. Mzee Venansi alikuwa na jiko la mkaa nyuma ya karakana na kikombe cha bati kikubwa kiasi ambacho ndege angeweza kuogea ndani yake. Kila kikombe kilichemshwa upya, kwa majani mapya na tangawizi aliyoiponda mwenyewe, na kati ya kikombe na kikombe palikuwa na habari ya mkewe wa kwanza, ambayo haikuwa fupi. Kikombe chake cha tatu kilikwisha baada ya saa moja na nusu. Yeye hakujua kwamba anapima dakika tisini. Alijua tu kwamba baada ya cha tatu chanzo hutulia. Kitabu cha mtambo, kama kiliwahi kuandika muda, kurasa zake za mwanzo zililiwa na mchwa kabla hata Leokadia hajaajiriwa.

Mzee alipokufa, kabla mwaka wa kwanza wa Handaki haujaisha, kampuni ilipiga marufuku jiko la mkaa kwa hofu ya moto, ikaleta chupa za chai na vikombe vya plastiki. Leokadia akashika wosia kama alivyoachiwa. Hakupunguza kikombe hata kimoja. Alifundisha mafundi wanane, akawagombeza waliotaka kuishia cha pili. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba hakuwa mzembe. Angekuwa mzembe angejua pa kuanza kutubu.

Aliifungua parafujo ya namba kumi na saba, akashusha chanzo hadi mia tano kikiwa kimepata joto lake lote. Kisha akaondoa waya za kipimo-mama na kubandika viganja vyake juu ya shaba.

Sabini na moja.

"Hebu," Gaspari alisema, akajipangusa mikono kwenye suruali, akaweka. Sitini na nane.

Wakatazamana, na Gaspari akaanza kucheka, kile kicheko cha mtu aliyeambiwa kumbe homa aliyokuwa nayo wiki nzima ni homa kweli. Leokadia alicheka naye kidogo. Kisha wote wakakumbuka Fidelis.

* * *

Mhandisi Angetile alikuja Jumatano mchana, kwa sababu Leokadia alimpigia simu mwenyewe. Angeweza kungoja Baraza, lakini hakutaka kumvizia mtu aliyemheshimu. Angetile alikuwa mkuu wa kazi za Handaki, mtu mrefu kutoka Rungwe ambaye suruali zake zilikuwa zimeanza kumpwaya. Alisikiliza yote amesimama. Aliitazama karatasi ya dakika. Akaomba kiti.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na Gaspari."

"Zimebaki mita mia nne na kumi, Fundi. Wiki tatu." Alisema kama anayesoma cheti cha daktari. "Wiki tatu na maji ya Ziwa Tanganyika yanaingia Tabora. Ukilisema hili kesho, mizani zote arobaini zinazimwa kesho hiyo hiyo. Ukiziweka sawa, ndiyo mbaya zaidi, maana hakuna atakayesoma chini ya sitini. Watu elfu mbili hawashuki. Mashine zikikaa, maji ya mwamba yanajaa, na kuyatoa tu ni miezi sita. Wewe binti yako si yuko Tabora?"

"Eufemia. Yuko huko, mtaa wa Ng'ambo."

"Anaoga nini?"

Mjukuu wa kwanza wa Leokadia alikuwa na miezi minane na hajawahi kukalishwa kwenye beseni la maji. Alifutwa kwa kitambaa kilicholoweshwa, jioni na asubuhi, na kile kilichokamuliwa kwenye kitambaa kilimwagiwa mchicha.

"Sikuombi useme uongo," Angetile aliendelea. "Andika kwamba mizani ilikutwa sawa kwa utaratibu wa karakana. Si kweli? Vikombe vitatu, mia tano, kama siku zote. Baada ya wiki tatu, maji yakishapita, nitakuwa wa kwanza kusimama pamoja nawe tuzirekebishe zote. Nakuapia."

"Na hao watakaoshuka hizo wiki tatu?"

"Wameshuka miaka kumi na moja."

"Na Imelda?"

Angetile alisugua macho yake kwa vidole viwili, kwa muda mrefu. "Imelda ni mtu mmoja," alisema hatimaye, na sauti yake haikuwa na ukatili wowote. Alikuwa anajumlisha tu, kama wahandisi wanavyojumlisha. "Tabora ni watu laki sita. Unataka niseme nini, Fundi? Nimekesha mwaka mzima nikiwawazia hao. Jumatatu nimesoma hamsini na tano."

"Weka mikono," Leokadia alimwambia, akaisogeza mizani.

Angetile aliitazama ile shaba, akatia mikono mifukoni. "Sihitaji," alisema. Alipofika mlangoni akageuka. "Lifikirie, mama. Tafadhali."

Alilifikiria. Jioni alimpigia Eufemia akijidai kuuliza hali, na Eufemia, aliyekuwa kwenye foleni ya kisima tangu saa nane, alisema kwa furaha kwamba redio imetangaza wiki tatu, na kwamba ameshanunua beseni. La bluu. Leokadia alisema vizuri, mwanangu, vizuri sana, akakata simu, akakaa na kiganja juu ya mdomo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kwa miaka kumi na moja yeye ndiye aliyekuwa akiwapimia watu mizigo yao na kuwaambia ni usufi. Sasa alikuwa na mizigo miwili mezani, wa Imelda na wa mjukuu wake, na hakuna sanduku la kumwambia upi mzito.

* * *

Alhamisi alifika kwenye ukumbi wa Baraza dakika tisini kabla ya kikao. Alichomeka mizani namba kumi na saba kwenye umeme wa ukutani, akaiwasha na kuketi kando yake na mkoba mapajani. Mfagizi aliyekuwa akifuta viti alimwuliza kama anauza kitu.

Ukumbi ulipojaa, Imelda aliletwa na askari wawili. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mabega mapana, kitambaa kimefungwa kichwani bila kioo. Hakumtazama mtu. Mbele alikaa mwenyekiti wa Baraza, Bi. Zaituni Kapalata, hakimu mstaafu aliyerudishwa kazini kwa sababu hakimu kijana hakupatikana, na kushoto kwake wakili wa kampuni na Mhandisi Angetile.

"Fundi," alisema Bi. Zaituni, "cheti hakijafika."

"Sikukiandika, mheshimiwa. Nimekuja kusema."

Akasema. Alianza na chanzo cha volti, akaeleza milivolti mia tano, akaeleza joto. Alipofika kwenye vikombe vya chai, watu wa nyuma walicheka, na aliwangoja wamalize, kwa kuwa lilikuwa jambo la kuchekesha kweli. Akatoa karatasi ya dakika. Akasema kwamba mizani hii, asubuhi ile Imelda alipoweka mikono, ilikuwa ikitoa mia tano thelathini na moja, na kwamba arobaini na nne yake haikuwa arobaini na nne. Akasema ni yeye aliyeiweka hivyo, kwa mkono wake, na nyingine thelathini na tisa pia. Hakumtaja mzee Venansi.

Angetile alikuwa akitazama sakafu. Wakili wa kampuni, kijana nadhifu mwenye sauti ya taratibu, alisimama.

"Mheshimiwa, kanuni ya kumi na mbili. Aliyevuka sitini hawezi kutoa cheti, ushahidi wa kipimo wala hukumu, kwa kuwa uchovu huharibu maamuzi. Naomba fundi alieleze Baraza, kwa hii mizani anayosema ameiweka sawa, yeye mwenyewe anasoma ngapi?"

Leokadia alijua swali hilo lingekuja. Alikuwa amelala nalo.

"Sabini na moja."

"Basi," alisema wakili, akiwa anakaa, "ushahidi wake ni batili."

"Ni batili," Leokadia alikubali. "Lakini mimi nimechoka tangu lini, baba? Tangu juzi? Kama sahihi yangu ya leo haifai kwa sababu nimechoka, na ya mwezi wa tatu je, nilipoipitisha hii mizani? Mfute yote mawili. Mkifuta maneno yangu, mfute na arobaini na nne."

Wakili alitazama karatasi zake, akazipanga upya ingawa zilikuwa zimepangika.

Bi. Zaituni alivua miwani, akasukuma kiti nyuma, akashuka kutoka jukwaani kwa kushika kingo za meza, hatua moja moja, hadi ilipokuwa mizani. Akavua pete. Akabandika viganja vyake vya kizee juu ya shaba, na watu wote wakainua shingo.

Sitini na sita.

Aliitazama namba hiyo kama anavyotazamwa ndugu aliyepotea siku nyingi. "Nilijua," alisema kwa sauti ndogo, si ya Baraza. "Jamani, mimi nilijua."

Akarudi kitini. Akasema kwamba namba arobaini na nne imefutwa katika kumbukumbu, na bila namba hiyo hakuna shtaka, kwa hiyo Imelda Rusimbi aende nyumbani kwao. Akasema mizani zote za Handaki zizimwe kuanzia saa hiyo. Halafu akasema kwa mujibu wa kanuni hiyo hiyo ya kumi na mbili yeye mwenyewe hastahili kuendelea na kikao, na kama yupo mtu ukumbini aliye chini ya sitini ajitokeze aje akiendeshe. Hakuna aliyejitokeza. Hata wakili hakusogea.

"Basi watu wakalale," alisema Bi. Zaituni, na akawa wa kwanza kuondoka.

* * *

Nje palikuwa na benchi la saruji chini ya bati, mahali ambapo wafanyakazi walingojea magari ya zamu. Siku hiyo hapakuwa na gari wala zamu. Kwa mbali feni kubwa za Handaki, zilizonguruma miaka kumi na moja bila kukoma, zilikuwa zikipunguza mwendo moja baada ya moja. Imelda alikuwa ameketi peke yake, mikono juu ya magoti, viganja vimeangalia juu.

Leokadia alisimama mbele yake akiwa na mizani kwapani ndani ya blanketi la hospitali. Alikuwa ametayarisha maneno, na yote yakamtoroka.

"Ni mimi niliyeiweka," alisema. "Nisamehe. Na mama yake Fidelis nitamwendea, leo hii."

Imelda alimtazama kwa mara ya kwanza. "Niliwaambia nimechoka," alisema. "Asubuhi ile. Nilimwambia askari wa lango, kaka, leo sijiwezi. Na Fidelis alikuwa nyuma yangu, naye akasema hivyo hivyo. Askari si mtu mbaya. Akasema haya, tuiulize mashine."

"Ilimpa Fidelis ngapi?"

"Hamsini na moja."

Namba yake mwenyewe ya kila Jumatatu. Leokadia alihisi machozi yanamjaa na hakuyazuia. Alilia akiwa amesimama, bila sauti, na ile mizani ikamlemea kwapani kwa namna ambayo haikuwahi kumlemea. Imelda hakumwambia nyamaza, wala hakusema amemsamehe. Alimwangalia tu, jinsi wanawake wanavyoangalia mtu aliyebeba kitu kizito mbele yao.

"Na wewe, mama," aliuliza, "umechoka?"

Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kumwuliza. Hapakuwa na haja, namba ilikuwepo. Leokadia alijikuta anataka kusema sabini na moja.

"Nimechoka, mwanangu," alisema. "Nimechoka sana."

Imelda akasogea, akampisha nafasi. Leokadia aliiweka mizani chini ardhini na kuketi. Feni ya mwisho ilinyamaza, na ndipo simu ilipoanza kuita ndani ya mkoba. Alijua ni nani kabla ya kuitazama. Aliiacha iite, ikakatika, ikaanza tena, na mara ya pili aliipokea.

"Mama!" ilikuwa sauti ya Eufemia, na nyuma yake mtoto akigonga kitu cha plastiki, beseni bila shaka. "Redio inasema Handaki limefungwa. Wanasema kuna mtu kalifunga. Ni kweli? Nani huyo?"

"Kweli, mwanangu," alisema Leokadia. "Ni mimi."